Mkono, Gurudumu na Mstari

Katika uhakiki wa kazi za sindano kuna neno moja linalosifiwa kupita kiasi, nalo ni "ulaini". Mstari wa uzi ukipinda bila kukwama husemwa ni mzuri; ukitetemeka, husemwa mshonaji hajakomaa. Neno hili nimelisikia miaka mingi kwenye maonyesho ya mifarishi huku Ohio ninakoishi, na mwaka huu limenifikia kwa sauti ya mfanyabiashara: anataka nilipe ili cherehani yangu iende kwa mwendo laini zaidi. Kabla sijafungua mkoba nimeona heri nilihoji neno lenyewe. Swali langu si la fedha peke yake. Tunapousifu mstari kwa ulaini wake, tunamsifu nani hasa: mshonaji, au magurudumu?

Nimweleze kwanza msomaji kitu chenyewe, maana huenda hajakiona. Mfarishi anaujua: ni nguo mbili zenye pamba katikati, zilizodariziwa pamoja ili pamba isihame. Wamarekani wameufanya mfarishi kuwa uwanja wa sanaa. Nguo ya juu huungwa kwa viraka vilivyokatwa kwa mpango, na juu ya viraka hivyo hupita mistari ya uzi, ya duara, ya majani, ya mawimbi, inayozishika tabaka zote tatu. Kazi hiyo ya pili, ya kudarizi, ndiyo ninayoifanya mimi kwa malipo. Wenzangu huniletea viraka walivyokwisha kuviunga, nami huvitandaza kwenye meza yenye urefu wa futi kumi na mbili, nguo ikiwa imevutwa baina ya fito ndefu za chuma.

Juu ya meza hiyo hukaa cherehani ya mkono mrefu. Tofauti yake na cherehani ya kawaida ni kwamba hapa nguo hutulia na cherehani ndiyo itembeayo. Kichwa chake kimewekwa juu ya kigari. Kigari huenda kushoto na kulia juu ya reli za meza, na kichwa huenda mbele na nyuma juu ya reli za kigari. Mimi hushika vipini viwili, kama mtu aendeshaye baiskeli, nikaichora nguo kwa sindano. Cherehani za zamani za namna hii zilikuwa na kasi moja tu: mkono ukichelewa, mishono ilisongamana, ukiharakisha, ilirefuka. Baadaye kikaja kifaa kinachopima mwendo wa kichwa na kuiamuru mota iongeze au ipunguze kasi, hata kila inchi ipate, tuseme, mishono kumi, mkono uende utakavyo. Yangu inacho kifaa hicho. Ninachoshawishiwa kununua sasa ni hatua nyingine: magurudumu na reli mpya, au, nikiwa na moyo mkubwa zaidi, cherehani mpya kabisa yenye kompyuta inayochora yenyewe.

Ubishi juu ya mashine katika sanaa hii si wa leo. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na katika miongo iliyofuata wanawake wengi wa Marekani walishona mifarishi kwa cherehani bila kuona haya yoyote. Hata hivyo, sindano ya mkono iliendelea kuhesabiwa kuwa ndiyo adabu ya sanaa. Mwaka 1989, katika maonyesho makubwa ya mji wa Paducah, jimbo la Kentucky, tuzo ya juu kabisa ilikwenda kwa Caryl Bryer Fallert kwa mfarishi uitwao Corona II, unaoonyesha kupatwa kwa jua. Ulikuwa wa kwanza uliodariziwa kwa cherehani kupata tuzo hiyo, na wapo walionung'unika kwamba mkono umesalitiwa.

Nadhani manung'uniko yale yalikuwa na swali lililokosewa. Waliuliza: ni mkono au ni mashine? Hilo ni swali la chombo, nalo hujibiwa kwa neno moja bila kumwongezea mtu maarifa. Swali lenye faida kwa mhakiki ni hili: nani aliyeamua mstari huu upite hapa na usipite pale? Katika Corona II jibu liko wazi. Miale ya rangi inayojipinda kulizunguka jua lililofunikwa imepangwa na jicho la mtu mmoja, na cherehani imemtii. Chombo kilikuwa kigeni kwa waamuzi. Uamuzi haukuwa mgeni hata kidogo.

Mwenye kutilia shaka na amtazame Harriet Powers. Alizaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, akafariki mwaka 1910. Mifarishi yake miwili imesalia mpaka leo: wa Biblia, ulioko Washington, na wa picha, ulioko Boston. Ule wa kwanza aliuuza mwaka 1891 kwa dola tano, baada ya kutaka kumi, kwa kuwa hali ilikuwa ngumu nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2021 yote miwili ilitundikwa pamoja katika jumba la sanaa la Boston, nami nilisafiri kwenda kuitazama. Nilisimama sana mbele ya sehemu inayoonyesha usiku wa Novemba 1833, nyota zilipoanguka kama mvua, miaka minne kabla yeye hajazaliwa. Mipaka ya vyumba vya picha haikunyooka. Watu na wanyama wameinama huku na huku. Na jambo ambalo wengi hushangaa kuambiwa ni kwamba mama huyu alishona kwa mkono na kwa cherehani pia. Hakuiogopa mashine ya wakati wake. Aliiachia kazi ya kushikiza nguo isibanduke, akabaki na kazi ya kuamua nyota ianguke wapi. Hakuna gurudumu, liwe laini namna gani, ambalo lingemfanyia kazi hiyo ya pili.

Mfano wa pili unatoka Alabama, katika kijiji cha Gee's Bend, kilichozungukwa na mto pande tatu. Mifarishi ya wanawake wa huko ilionyeshwa Houston mwaka 2002, kisha New York, na wahakiki waliilinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya ishirini. Mmoja wa mifarishi hiyo aliushona Missouri Pettway mwaka 1942, kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyesimulia baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka marehemu na kujifunika upendo wake. Rangi zimepauka kwa jua la shambani, na magoti ya suruali yanajulikana kuwa ni magoti. Mishono ni ya mkono, wala haikupimwa kwa rula. Mtu akiniambia kwamba mfarishi ule ungekuwa bora kama mistari yake ingekwenda sawia, nitajua kwamba hajautazama.

Lakini hapa ndipo mhakiki anapopaswa kujihadhari, kwa sababu kuna uwongo wa upande wa pili, nao ni kuifanya dosari kuwa ibada. Nimewasikia watu walioshiba wakisifu mistari iliyopotoka kana kwamba umaskini ni mtindo. Wanawake wale hawakuchagua ugumu ili tuje kuusifu. Mwaka 1966 wengi katika wilaya hiyo walijiunga katika chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, wakashona kwa ajili ya maduka makubwa ya mijini. Na mwaka 1972 wakapata mkataba wa kushona foronya za kodroi kwa duka la Sears. Maduka yalitaka vitu vinavyofanana, nao wakashona vilivyofanana, wakalipwa. Mabaki ya kodroi waliyachukua nyumbani, wakayaunga kwa namna walivyopenda wao. Kwa hiyo mikono ileile iliweza kwenda sawia ilipolazimu, na kwenda itakavyo ilipokuwa huru. Huo ndio ustadi. Mstari uliotetemeka kwa sababu mshonaji ameutaka una maana. Uliotetemeka kwa sababu gurudumu limelika hauna maana yoyote, nao hautapata maana kwa kuitwa sanaa.

Basi kazi yangu ikawa kutenganisha tetemeko la mkono na tetemeko la chuma. Katika jambo hili macho yangu yalisomeshwa Tanga, kabla sijaijua Marekani, na wanunuzi wa kofia. Mtu anayeijua kofia iliyoshonwa kwa mkono haitazami utosini kwanza, huigeuza ndani. Nje kila mshonaji hujitahidi, ndani ndiko anakojulikana. Niliigeuza mifarishi yangu kadhaa nikaipitia upande wa bitana. Mahali pa mizingo mikali niliona vitanzi vidogo vya uzi, vimetokeza mfano wa kope za jicho. Vitanzi hivyo hutokea mkono unapopita kona kwa kasi, uzi ukavutwa kabla mshono haujakaza, na sindano nayo ikapinda kidogo. Yaani dosari ile ilitokana na wepesi. Magurudumu mepesi zaidi yasingeiponya, pengine yangeizidisha.

Hili halisemwi na wauzaji. Husema mashine "itaelea", na neno hilo linapendeza masikioni. Lakini kichwa cha cherehani ni chuma kizito, na kulainisha reli hakupunguzi uzito wake. Kinachopungua ni msuguano, na msuguano ndio breki. Kitu kizito kisicho na breki huanza vyema na kusimama vibaya: unataka kukomea kwenye ncha ya jani, chenyewe kinapita ncha. Meza nayo ikiwa imeinama kidogo tu, kichwa chepesi hujiendea upande wa bondeni mara unapoachia vipini. Wahenga waliosema mwenda pole hajikwai hawakuiona cherehani hii, lakini wangeielewa.

Baada ya bitana nililijaribu gari lenyewe. Nilitoa uzi, nikafunga kalamu kando ya sindano, nikatandaza karatasi juu ya meza, nikachora duara ishirini kwa mwendo wa pole. Zote zilibanwa ubavuni, kushoto na kulia. Sababu yake si ngumu. Mchoraji akifika ubavuni mwa duara, kigari kinapaswa kusimama na kugeuka, na kigari ndicho kinachobeba uzito wote. Kikisita kabla ya kuanza safari ya kurudi, kichwa huendelea kwenda mbele au nyuma peke yake, na ubavu wa duara unakuwa ukuta. Nilifuta reli, nikatoa nyuzi na vumbi la pamba vilivyojisokota kwenye ekseli za magurudumu, nikasawazisha miguu ya meza kwa pimamaji. Nikachora nyingine ishirini. Ukuta ulipungua, haukuisha. Kisha nikavuta mistari mirefu iliyonyooka toka mwanzo wa meza hadi mwisho, na humo nikaona kitu kingine: kishtuko kidogo, kisha kingine, kisha kingine, vyote kwa umbali uleule. Nilipima mzunguko wa gurudumu moja kwa uzi. Ukalingana na umbali huo. Gurudumu lilikuwa limebonyea.

Naliweka jambo hili mbele ya msomaji kwa sababu nadhani ni kanuni ya uhakiki, si ya ufundi tu. Kosa la mashine hurudi mahali palepale kwa kipimo kilekile, halijali unachora ua au unachora moto. Kosa la mkono hubadilika na siku, na uchovu, na urefu wa bega. Langu huonekana mwishoni mwa mistari mirefu, ninapolazimika kunyoosha mkono kupita kiasi, na jioni huzidi asubuhi. La kwanza linanunulika dukani. La pili halinunuliki, ila kwa mazoezi na mapumziko. Na kuna la tatu, ambalo si kosa ingawa hufanana nalo: mahali ambapo mkono umesita kwa kuwa jicho limeona kitu, rangi ya kiraka au mshono wa zamani, ukaamua kuupisha. Mwenye kuondoa la kwanza amesafisha sauti. Mwenye kuondoa yote matatu amempa mtu mwingine aseme badala yake.

Hapo ndipo ninapoihukumu ile cherehani ya kompyuta. Siidharau. Nimeona kazi zake. Majani yake hayachoki, na jani la mia ni sawa na la kwanza. Kwa mteja anayetaka mfarishi wa kitanda cha mtoto, utakaofuliwa kila wiki mpaka uchakae, hiyo ni huduma halali. Lakini mchoro uliomo ndani yake umechorwa na mtu nisiyemfahamu, asiyejua nguo iliyoko mezani kwangu. Yeye ndiye aliyeamua. Mimi ningebaki kuwa mlinzi wa meza, wa kubadilisha uzi ukiisha.

Hesabu nayo ina neno lake. Mimi hutoza senti mbili kwa kila inchi ya mraba. Mfarishi wa inchi 60 kwa 80 una inchi 4,800 za mraba, yaani dola 96. Magurudumu na reli nimetajiwa dola 1,100: ni malipo ya mifarishi kumi na miwili, kabla sijatoa gharama ya uzi na umeme. Cherehani mpya nimetajiwa dola 18,000, yaani mifarishi 188. Mimi humaliza mitatu kwa mwezi. Ningemtumikia muuzaji zaidi ya miaka mitano, na bega langu lina umri wake. Ni kweli kwamba kompyuta ingelipumzisha bega. Wapo wenzangu ambao bila hiyo wangekwisha kuacha kazi, na kwao hukumu yangu si hukumu. Kila mtu huvaa kiatu chake.

Kuna mfarishi mmoja ulioifanya hesabu hii isiwe ya dola tu. Mjane mmoja wa mtaa wetu ameniletea mashati ya mumewe, ameyakata na kuyaunga mwenyewe: ya mistari, ya mraba mraba, moja jeupe la harusi. Kola amezitoa, lakini mahali zilipokuwa pamebaki kivuli cha rangi ambayo jua halikuifikia. Nguo za mashati zimekuwa nyembamba kwa kufuliwa, na nguo nyembamba haisamehe: mshono ukiufumua, matundu ya sindano yanabaki. Katika kazi nyingine kishtuko cha gurudumu ni dosari ya kufumua na kurudia. Hapa ni kovu juu ya shati la marehemu, na anayeliweka si mimi wala si mjane, ni kipande cha chuma kilichobonyea. Mjane akaniambia, "Dada, pita taratibu kwenye mifuko." Hakuna reli inayoweza kuambiwa hivyo. Mkono unaweza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami naukubali usemi huo kwa sehemu kubwa. Umewafaa wengi wanaongoja chombo bora ndipo waanze kazi. Lakini mkulima ajuaye kulima anajua pia mpini wake umepasuka wapi, wala haoni fahari kuendelea kujichoma vibanzi. Kuchagua jembe ni jambo moja. Kutia mpini ni jambo lingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Nitanunua magurudumu na reli, na sitanunua cherehani mpya. Nitanunua ulaini kwa kiasi kile kinachonyamazisha chuma, nisinunue kile kinachonyamazisha mkono. Mwendo ukiwa mwepesi kupita nilivyozoea, nitajifunza upya kupita kona kwa pole, na bitana itanieleza kama nimefuzu. Baada ya hapo mstari ukitetemeka sitakuwa na gurudumu la kulisingizia. Utakuwa wangu, na atakayeuhakiki atanihakiki mimi. Mashati yatangoja mpaka mafundi waje. Kwenye mifuko nitapita taratibu.